Kipimo Hakina Ndugu

Siku ya tatu baada ya harusi yake, Rutayisire alimrudisha baba mkwe wake nyumbani na bidoni lake zima la maziwa. Mzee Shyaka alikuwa ameteremka mlima kwa saa moja na nusu, akasimama foleni kwenye fromagerie, kiwanda cha jibini, pamoja na wafugaji wengine, na alifika mbele akitabasamu, maana mpimaji sasa alikuwa mkwe wake. Rutayisire alimsalimia kwa mikono miwili, akauliza habari za mama, kisha akachovya kipimo chake cha kioo. Kipimo kile huelea. Maziwa mazuri hukiinua hadi thelathini na kupita. Maziwa yaliyotiwa maji hukiacha kizame. Siku ile kilizama hadi ishirini na mbili.

"Baba, hii hapana," alisema kwa adabu yote. "Kipimo haina ndugu."

Ni miaka kumi na tano sasa, na katika vilima vya Masisi neno hilo limekuwa methali. Mama akimnyima mtoto sukari husema kipimo hakina ndugu. Padri aliwahi kulitia katika mahubiri. Mimi simlaumu Rutayisire, maana jibini la maziwa ya maji huoza, na aliyeajiriwa kupima na apime. Lakini kuna wema ambao majirani hawausamehi upesi, na Mzee Shyaka aliyekuwa ametia maji maisha yake yote, na aliyeendelea kutia akiuza kwingine, hakuusamehe kabisa.

Christa, bintiye Shyaka, ndiye aliyeolewa na mtu huyo pamoja na kipimo chake.

*

Kampuni ya Christa ilizaliwa na aibu. Alasiri moja mvua ilimwingiza nyumbani mwake mgeni kutoka Pinga, mfanyabiashara wa mawese aitwaye Sébastien, aliyekuwa amekaa siku mbili juu ya pikipiki. Katika nyumba ya wafugaji mgeni haondoki bila kunywa maziwa; afadhali umtukane. Na siku ile maziwa yote yalikuwa yameuzwa. Kilichokuwamo ni ndoo ya maji ya jibini, yale ya rangi ya majani makavu yanayobaki maziwa yakishaganda, ambayo wafanyakazi wa fromagerie hupewa bure wakanyweshe nguruwe. Christa aliyachuja, akayachemsha na majani ya muravumba ili kuua harufu, akayaleta katika kikombe cha wageni. Sébastien alinusa, akainua macho. Christa akasema haraka kwamba hiyo ni dawa ya mababu na haipewi kila mtu.

Sasa, aliyekaa siku mbili juu ya pikipiki tumbo lake hufunga, na la Sébastien lilikuwa limefunga tangu Jumapili. Maji ya jibini yalifanya kazi ile ile yanayoifanya kwa kila nguruwe wa Masisi. Kabla mvua haijakatika mgeni alikuwa amekwenda nyuma ya nyumba mara tatu, akarudi mwepesi na mwenye imani. Aliomba chupa sita za kupeleka kwao, na alilipa bila kuulizwa bei.

Masisi hakuna ambaye angenunua kitu kile, maana kila mtoto anakijua. Lakini Pinga ni kwa watu wa msitu, watu wa mihogo na mitego, ambao hawajawahi kuona jibini likitengenezwa. Huko chupa sita zikawa sitini, sitini zikawa bidoni. Christa akaazima koti jeupe la daktari wa ng'ombe, akapiga picha, akaichapisha kwenye karatasi za kubandika: NEEMA YA MILIMA, na chini yake, Présidente-Fondatrice, yaani rais na mwanzilishi. Chini zaidi kulikuwa na magonjwa kumi na saba, kuanzia tension, yaani presha, na sukari hadi kukosa kazi. Na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, maneno ambayo baadaye yangesomwa mara nyingi mbele ya hakimu: ukikunywa hii, vidonge acha.

Rutayisire aliambiwa kwamba maji ya jibini yanakwenda Pinga kwa wafuga nguruwe. Alijiuliza mara moja Pinga kuna nguruwe wangapi, na hakujiuliza tena. Yalikuja makochi yaliyofunikwa plastiki, ikaja pikipiki, akaja fundi wa mabati. Kanisani akawa anakaa benchi la mbele, nyuma kidogo ya mkewe, na watu wakamwita bwana ya Présidente. Mtu aliyepima maziwa ya vilima vyote hakupima hata chupa moja iliyolala chini ya kitanda chake mwenyewe. Hilo ndilo ninalomlaumu.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Christa alisifiwa sana, na maji ya jibini, tofauti na sifa, yana mwisho.

*

Mama yake Sébastien aliitwa Joséphine-Marie, na alikuwa na tension ya miaka mingi. Mwanawe sasa alikuwa délégué, yaani wakala, wa Neema ya Milima kwa Pinga nzima, mwenye kofia na cachet, muhuri wa kampuni, kwa hiyo mama alikunywa bure, na kwa heshima ya mwanawe akatupa vidonge vyake. Mwezi wa pili wa kunywa alianguka katika shamba la mihogo. Walimbeba kwa machela hadi hospitali, akapona, ila mkono wa kushoto ulibaki mzito, na kikombe hakukishika tena kwa mkono huo.

Sébastien hakuilaumu dawa. Alidhani chupa zimekaa sana njiani zikapoteza nguvu. Akapanda pikipiki siku mbili kwenda Masisi kuomba ile mbichi, ile ya kutoka chemchemi, kwa ajili ya mkono wa mama. Hakumkuta Présidente, alikuwa redioni. Akaenda kumtafuta mumewe kwenye fromagerie, na akamkuta nyuma, akimwaga ndoo katika hori la nguruwe.

Harufu ilimfikia kwanza. Akauliza ile iko kitu gani, akajibiwa ni maji ya fromage. Akauliza wanapewa nani, akajibiwa nguruwe, si anaona mwenyewe. Sébastien akachuchumaa, akachovya kidole horini kati ya pua mbili za nguruwe, akaonja. Kisha akatoa chupa katika mfuko wake, akanywa funda moja, akachovya tena.

"Papa Rutayisire," alisema akiwa bado amechuchumaa, "hii nguruwe inalipaka ngapi?"

"Nguruwe? Ni bure."

"Na mama yangu?"

Rutayisire aliitazama chupa, na picha ya mkewe katika koti la daktari wa ng'ombe. Sébastien alikaa juu ya jiwe akacheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yalipoanza, kicheko kikaisha. Jioni ile ile alikuwa ameandika mashtaka.

Polisi walipomkamata, Christa alidai wamwite Présidente. Walimwita Présidente, wakamfunga pingu.

*

Wakili wa Christa alikuwa mtu wa haraka, na alimweleza Rutayisire mambo kwa vidole viwili. Kidole cha kwanza: kama ndani ya chupa kuna kile kile ambacho Christa amekiri, yaani maji safi ya jibini na majani, basi kosa lake ni kuuza dawa bila kibali na kuandika ujinga kwenye karatasi. Atatozwa faini, atarudi nyumbani. Kidole cha pili: kama alikuwa akiongeza maji ya mto na kuwauzia wagonjwa, hiyo ni ulaghai mtupu, na hakimu huyu hana mzaha nao. Ni jela.

Rutayisire aliruhusiwa kumwona mkewe katika uwanja wa jela, kila mmoja upande wake wa meza ya mbao. Alimletea maziwa. Alimwambia kwamba Mahoro, binti yao wa miaka kumi na mitatu, anapika na hajambo. Wote wawili walijua neno linalofuata.

"Uliweka maji?" aliuliza.

Christa alitazama ukuta. "Kidogo tu. Pinga iko mbali."

Kama kwamba umbali ndio unaotia maji. Rutayisire alifumba macho. Christa akainama karibu na kusema taratibu kwamba maabara ya kupima haiko hapa, mpaka Kinshasa, na ni mwaka mzima kungoja. Hakimu hatangoja. Atatafuta mtu wa hapa hapa anayejua mambo ya maziwa, na huyo wote wanamjua ni nani. Maji ya fromage safi yanasoma ishirini na tano.

"Miaka kumi na tano niko naishi mu hii kipimo yako," alisema. "Baba yangu hakuingiaka kwangu hata siku moja. Leo nakuomba namba moja tu. Makumi mbili na tano."

Rutayisire alirudi nyumbani kwa miguu ingawa pikipiki ilikuwapo. Nimesema simlaumu kwa kupima, na sasa nasema namhurumia.

*

Siku ya kesi wafugaji walifunga ng'ombe wao mapema wakajaza ukumbi mpaka madirishani. Kutoka Pinga watu walikuja na pikipiki nane, na Mama Joséphine-Marie katikati yao, amefungiwa kitenge kwenye mgongo wa dereva ili asianguke.

Mambo yalikwenda kama Christa alivyosema. Mwendesha mashtaka aliita chupa ile uongo mtupu. Wakili alidai uongo hauonekani kwa macho, upimwe. Hakimu, aliyetoka mbali na hakujua ng'ombe, akauliza nani hapa anaweza kupima, na ukumbi mzima ukageuza shingo kumtazama Rutayisire. Wakili akapinga kwa ajili ya sura tu kwamba yule ni mume wa mshtakiwa. Akatafutwa mwingine. Mwenye fromagerie alikiri mbele ya watu kwamba yeye mwenyewe hawezi kusoma kipimo kile bila miwani, na miwani ameiacha Goma. Hapo Christa akasimama bila kuitwa.

"Apime," alisema. "Ni bwana yangu. Hakosaka."

Alikuwa amevaa kitambaa cha kanisani, amekonda kidogo, na alimtazama mumewe moja kwa moja. Nadhani aliamini kweli kwamba atasema ishirini na tano. Miaka kumi na tano ya kula, kulala na kuzaa na mtu inampa mtu haki ya kuamini hivyo.

Chupa ilifunguliwa mbele ya hakimu, ikamiminwa katika mrija mrefu. Rutayisire alifuta kipimo kwa kitambaa, kama kila asubuhi, akakiachia. Kikashuka, kikapita thelathini, kikapita ishirini na tano bila kusita, kikaendelea kushuka, na wafugaji waliokuwa karibu wakaanza kutikisa vichwa kwa uchungu wa kitaalamu. Kilisimama. Rutayisire akainama, akakitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani macho yake yawe mabovu.

"Kumi na mbili," alisema.

Hakimu aliuliza maana yake nini.

"Nusu iko maji, Bwana Hakimu." Na kwa sababu alikuwa mtu wa kazi yake, aliongeza, "Kupita nusu kidogo."

Ukumbi ulivuma. Jambo la ajabu, wafugaji waliokuwa wamecheka tangu asubuhi kwa habari ya nguruwe sasa walikasirika kweli. Kuuza maji ya jibini kama dawa ni ujanja, lakini kuyatia maji hata maji ya jibini, hiyo waliona ni kukosa haya. Mzee Shyaka, katika benchi la mbele, alikuwa ameangalia viatu vyake.

Mama Joséphine-Marie aliomba kusimama. Alisaidiwa na mwanawe upande wa kushoto, na hakumtazama hakimu, alimtazama Christa.

"Dawa ilikuwa tamu," alisema. "Siko nadanganya. Lakini kwetu Pinga iko mito mingi. Ju ya nini ulituuzisha muto ya kwenu?"

Christa aliutazama ule mkono wa kushoto uliokuwa umeshikwa na Sébastien, akaanza kulia, na hakulia kwa ajili ya jela. Alisema, "Mama, unisamehe," na Mama Joséphine-Marie akajibu kwamba atafikiri.

Hukumu ilikuwa miezi sita jela, na kuwarudishia watu wa Pinga fedha zao. Pikipiki ilichukuliwa, na makochi na plastiki zake, na ng'ombe wanne kati ya watano. Askari walipompitisha Christa mbele ya mumewe, alisimama kidogo.

"Asante, mupimaji," alisema.

*

Kesho yake foleni ya fromagerie ilikuwa fupi. Wafugaji kadhaa walifika mpaka kwenye kona, wakamwona Rutayisire ameshika kipimo, wakageuka na bidoni zao kimya kimya. Waliobaki walileta maziwa ya thelathini na moja, thelathini na mbili. Mwenye fromagerie alisema hajawahi kuona maziwa ya namna ile tangu baba yake. Kama mutu alipima bibi yake, walinong'ona, sisi njo nani? Hakuna aliyemwita bwana ya Présidente tena, na hakuna aliyesimama kuzungumza naye.

Nyumbani palikuwa pagumu zaidi. Mahoro alimpikia, alimfulia, na alimjibu kwa maneno ya kuhesabika. Jioni moja aliweka mbele yake bakuli la uji mwepesi. "Nusu iko maji, Papa," alisema bila kumtazama. "Unga iliisha." Rutayisire alikunywa wote, akaosha bakuli mwenyewe.

Kila Jumapili alipeleka maziwa jelani. Christa hakutoka kumwona hata mara moja. Lakini bidoni dogo lilirudi kila mara tupu, limeoshwa vizuri na kukaushwa kwa jinsi anavyokausha yeye, kichwa chini, na Rutayisire alilibeba njia nzima kwa mikono miwili.

*

Christa aliachiliwa siku ya Alhamisi. Aliyemfuata jelani ni baba yake, na hivyo Mzee Shyaka aliingia katika nyumba ya binti yake kwa mara ya kwanza tangu harusi. Majirani wakaja nyuma yao, wengine kwa huruma na wengine kwa macho tu. Wakaketi juu ya madumu na mkeka, mahali palipokuwa na makochi.

Aliyerudi nyumbani hupokewa kwa maziwa, na baba mkwe pia, na huwezi kuwanywesha wawili tu huku watu kumi wakitazama. Lakini ng'ombe mmoja aliyebaki alikuwa karibu kukauka, na asubuhi ile alitoa kikombe kimoja na nusu. Rutayisire alisimama nyuma ya nyumba na kata ya mti mkononi, ile ndefu ya kunywea maziwa. Alitazama maziwa, akasikia vicheko vya wageni ndani, akatazama ndoo ya maji ya mto iliyokuwa karibu na mguu wake. Mahoro alitokea mlangoni kuuliza kama yuko tayari, na akaona mkono wa baba yake ukimimina. Alichukua kikombe kingine akamshikia.

Rutayisire aliingia, akapiga goti moja, akampa mkewe kata kwa mikono yote miwili. Christa aliinusa. Alikuwa binti wa wafugaji, na alikuwa binti wa Shyaka. Aliiweka chini polepole.

"Leta kipimo," alisema.

Jirani mmoja alianza kusema kwamba mambo ya zamani yaachwe, akakanyagwa mguu na mkewe. Rutayisire aliinuka, akaenda kwenye sanduku lake, akarudi na kile kioo, akampa. Hakujitetea. Christa alikuwa amefundishwa na yeye mwenyewe kukisoma, mwaka wa kwanza wa ndoa, wakati walipokuwa bado wanacheka pamoja. Alikiachia katika kata. Kikashuka, kikazama, na kila mtu akaona jinsi anavyoinama na kukazia macho, ila hakuna aliyekuwa karibu vya kutosha kuona namba isipokuwa wao wawili. Ilikuwa kumi na tisa.

Christa alimtazama mumewe, ambaye alikuwa ameangalia sakafu akingoja hukumu yake mbele ya wilaya nzima.

"Makumi tatu na moja," alisema kwa sauti, akakitoa kipimo, akainua kata, akanywa mafunda matatu makubwa, akampa baba yake.

Rutayisire alikipokea kipimo. Alikifuta kwa shati lake, akakifuta tena na tena, mpaka Mahoro akaja kumsaidia kukirudisha katika sanduku.

Mzee Shyaka alionja. Alimtazama mkwe wake, akaonja tena. Kama kulikuwa na mtu mmoja Masisi ambaye ladha ile haikuweza kumpita, ni yeye. Alikuwa ameishi nayo miaka hamsini. Wageni walingoja. Mzee alifuta ndevu zake kwa utulivu.

"Makumi tatu na moja," alisema na yeye, akanyoosha kata aongezewe.